Taa ya Injini: Chanzo Kijulikane Kabla ya Kununua Spea



Taa ya injini ikiwaka mfululizo, gari lipimwe mapema. Ikiwaka na kuzima, dereva apunguze mwendo, aegeshe mahali salama, azime injini. Petroli isiyoungua kwenye silinda huenda kuungulia ndani ya ekzosi na kuharibu masega, ambayo ni ghali.

Mashine husoma kodi tu, haichagui spea. P0301 ni silinda ya kwanza. Ikiwa kila silinda ina koili yake, fundi ahamishie koili hiyo silinda ya pili. Kodi ikigeuka P0302, koili ni mbovu. Isipogeuka, akague plagi na nozeli.

Kuchomoa betri huzima taa, ubovu hubaki. Mteja aonyeshwe kodi kabla ya kulipa.