Pilipili Haina Moto, Mbona Inaunguza?

(Mazungumzo haya yalitolewa mbele ya kikundi cha vijana wa afya shuleni. Tumeyapunguza kidogo ili yaenee katika ukurasa.)

Leo sianzi na magonjwa. Naanza na jikoni.

Wewe unayesoma, umeshawahi kukata pilipili, ukasahau, kisha ukajipangusa jicho? Basi tunaelewana. Jicho linawaka! Lakini moto wenyewe uko wapi? Shika ile pilipili mkononi: ni ya baridi sawa na nyanya iliyo kando yake. Hata hivyo, sisi Waswahili tunasema pilipili "inawasha", na ni neno lile lile tunalotumia kwa moto na taa. Waliotutangulia waliligusa jambo ambalo maabara ilikuja kulithibitisha mwaka 1997.

Aliyeongoza maabara hiyo anaitwa David Julius. Alizaliwa mwaka 1955 huko New York, Marekani, akakulia mtaa wa pwani uitwao Brighton Beach. Shuleni alikuwa na mwalimu wa fizikia aliyewahi kucheza besiboli. Mwalimu huyo aliwafundisha hesabu za mwendo wa vitu kwa kutumia mpira unavyoruka hewani. Wanafunzi tunaolalamika kwamba sayansi ni kukariri tu, tungempenda mwalimu yule! Julius amesema kuwa hapo ndipo alipoanza kufikiri kwamba huenda sayansi ikawa kazi yake.

Usidhani alikwenda moja kwa moja kwenye maumivu. Shahada ya udaktari wa sayansi, aliyoipata mwaka 1984 huko Berkeley, ilihusu hamira. Ndiyo, hamira ile ile ya mandazi! Baadaye akiwa Chuo Kikuu cha Columbia alishiriki kuipata jeni ya kipokezi kimojawapo cha serotonini, kemikali inayobeba habari kati ya chembe za ubongo. Kisha akahamia Chuo Kikuu cha California, San Francisco, akawa na maabara yake. Kila hatua ilimpa chombo cha kazi ambacho alikuja kukihitaji.

Sasa, kilichomsumbua akili ni hiki. Mimea mingi ina sumu au ukali unaougusa mwili wetu mahali maalumu. Afyuni ilikuwa imewasaidia wanasayansi kugundua mahali dawa kali za maumivu zinapofanyia kazi. Je, pilipili nayo? Tayari ilijulikana kwamba ukali wake unatokana na kemikali iitwayo kapsaisini, na mtafiti Jancsó wa Hungary alikuwa ameonyesha kwamba mnyama aliyepewa kapsaisini nyingi huacha kuhisi ukali. Basi lazima kuna kitu mwilini kinachoinasa. Kitu gani?

Inasimuliwa kwamba siku moja Julius alikuwa dukani na mkewe, Holly Ingraham, ambaye naye ni mwanasayansi, akakodolea macho rafu ya chupa za pilipili na kusema tatizo hili lazima litatuliwe. Mkewe akamwambia, kwa maneno mengine, basi acha kuongea uanze kazi. (Wake zetu wanatusaidia sana, jamani.)

Kazi yenyewe ilifanywa hasa na kijana mtafiti katika maabara yake, Michael Caterina. Nataka uielewe, kwa sababu ni ya uvumilivu kuliko ya uchawi. Walichukua chembe za neva za panya, zile zilizo kando ya uti wa mgongo ambazo hupeleka habari za maumivu. Ndani yake kuna maelfu ya jeni zinazofanya kazi. Mojawapo lazima ndiyo yenye maelekezo ya kutengeneza kile kinachonasa kapsaisini, lakini ipi? Wakazigawa mafungu mafungu. Kila fungu wakalitia katika chembe za figo zilizokuzwa chomboni, ambazo kwa kawaida hazijali pilipili hata kidogo. Wakaweka na rangi inayong'aa pale kalsiamu inapoingia ndani ya chembe. Halafu wakamwagia kapsaisini na kutazama kwa hadubini.

Kimya. Fungu jingine, kimya. Hatimaye fungu moja likawa na chembe zilizong'aa. Wakaligawa fungu hilo, wakaligawa tena na tena, mpaka ikabaki jeni moja.

Jeni hiyo hutengeneza protini inayokaa katika ngozi ya chembe ya neva kama mlango. Siku hizi inaitwa TRPV1. Kapsaisini ikija, mlango unafunguka, chaji za umeme zinaingia, na habari inakwenda ubongoni. Lakini pilipili haikuwa mwenye nyumba! Walipopasha joto zile chembe, mlango ule ule ulifunguka penyewe joto lilipofika kama nyuzi 43, yaani pale ambapo maji ya kuoga huanza kuumiza. Mlango uliwekwa kwa ajili ya moto. Pilipili imeiba ufunguo. Kwa hiyo ubongo unapokuambia "naungua" haukudanganyi. Unasoma habari iliyopitia mlango wa moto.

Na kuku je? Kuku na ndege wengine hula pilipili bila kutoa chozi. Mwaka 2002 maabara ya Julius ilionyesha kwamba mlango wa kuku hufunguliwa na joto, ila kapsaisini haiuwezi. Mmea nao unafaidika, maana ndege humeza mbegu na kuziangusha mbali.

Haya, tufike mahali penyewe nilipokusudia. Umepigwa na jua kutwa nzima, au umejikwaa na kidole kimevimba. Mahali hapo panakuwa pekundu, panapata joto, panavimba na panauma. Hali hiyo wataalamu huiita mchochota. Mwili unapeleka askari wake kutengeneza palipoharibika. Lakini jioni ukioga maji ya vuguvugu, yale yale uliyoogea jana kwa raha, leo yanakuchoma kama yamechemka. Kwa nini?

Kwa sababu chembe zilizoumia, pamoja na hao askari, humwaga mchanganyiko wa kemikali: asidi, bradikinini, prostaglandini na nyingine. Ni kama supu inayozilowesha ncha za neva. Supu hiyo huufanya mlango wa TRPV1 uwe mwepesi, kama bawaba iliyotiwa mafuta. Haungoji tena nyuzi 43. Joto dogo tu, pengine hata joto la kawaida la mwili, linaufungua. Mwaka 2000 watafiti walipowatazama panya waliozaliwa bila jeni hiyo, waliona kwamba mahali penye mchochota hapakuwa pepesi kuumizwa na joto kama kwa panya wengine.

Umeona maana yake? Kitu kile kile, kwa mtu yule yule, kinaweza kuuma leo na kisiume jana, na si kwa kuwa amelegea roho. Mashine imebadilishwa kipimo.

Makampuni ya dawa yakakimbilia hapo. Ukiufunga mlango, si maumivu yataisha? Dawa zikatengenezwa, zikajaribiwa kwa watu, na matatizo mawili yakajitokeza. Baadhi ya waliozinywa walipanda joto la mwili kama wenye homa, kwa sababu mlango huu unasaidia pia kupima joto la mwili. Na wengine walipungukiwa uwezo wa kutambua kitu cha moto, hata ikahofiwa kwamba wangejiunguza kwa chai bila kujua. Maumivu ni mlinzi, bwana. Huko Pakistan walichunguzwa watoto wa familia chache waliozaliwa bila kuhisi maumivu kabisa, na matokeo yakatangazwa mwaka 2006. Sababu ilikuwa jeni nyingine. Walikuwa wamejiuma ndimi na kuvunjika mifupa bila kutambua. Mmoja wao alizoea kutembea juu ya makaa mbele ya watu, na alifariki akiwa bado mtoto baada ya kuruka kutoka paa la nyumba.

Njia iliyofaulu ilikuwa ya kinyume. Badala ya kuufunga mlango, kapsaisini nyingi inawekwa juu ya ngozi mpaka ncha za neva zinachoka na kujikunja. Bandeji yenye kapsaisini asilimia 8 iliidhinishwa mwaka 2009 Ulaya na Marekani. Marekani ilikubaliwa kwa maumivu yanayobaki baada ya mkanda wa jeshi, ugonjwa tunaoufahamu sana huku kwetu. Huwekwa na mhudumu wa afya, naye huvaa glovu. Tafadhali usiende nyumbani kumsugua bibi yako pilipili!

Mwaka 2021 Julius alipewa Tuzo ya Nobeli, pamoja na Ardem Patapoutian, mzaliwa wa Beirut, aliyegundua milango inayohisi mguso na mgandamizo. Toka hamira mpaka hapo ni kama miaka 40.

Sasa nije kwako. Nimewasikia mara nyingi wasichana wakiambiwa, "Unajifanya tu, mbona wenzako wako darasani?" Wakati wa hedhi, ukuta wa tumbo la uzazi hutoa prostaglandini, ile ile ya kwenye supu. Hulifanya tumbo lijikaze na neva ziwe nyepesi. Anayetoa nyingi huumia zaidi. Aspirini na ibuprofeni huzuia kutengenezwa kwa prostaglandini. Kwa aspirini, jambo hilo alilionyesha John Vane mwaka 1971. Ndiyo maana ibuprofeni husaidia zaidi ikinywewa mapema, maumivu yanapoanza, baada ya kula, na kwa kipimo kilichoandikwa. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, pumu au mimba asinywe kabla ya kumwuliza mhudumu. Aspirini usimpe mtoto wala kijana mwenye mafua au tetekuwanga.

Mwenye selimundu naye huambiwa anadeka. Chembe zake za damu zilizopinda huziba mishipa midogo, nyama zinakosa hewa, mchochota unaanza. Huyo hahitaji kuhojiwa kama anaumwa kweli. Anahitaji maji, dawa, na mtu wa kumpeleka hospitali haraka.

Ukifika zahanati usiseme tu "naumwa". Mweleze mhudumu ni wapi, tangu lini, na maumivu ni ya namna gani: yanachoma, yanavuta, yanapwita, au ni kama ganzi na sindano? Maumivu yanayochoma mahali pasipovimba yanaweza kuwa ya neva yenyewe, na dawa yake si ile ya uvimbe. Mwambie ni kitu gani kinayazidisha, umeshakunywa dawa ipi, vidonge vingapi. Kama una homa na shingo imekakamaa, au tumbo linauma upande mmoja na linazidi, au kifua kinabana, usingoje kesho. Na kama hedhi inakulaza kitandani kila mwezi hata ukinywa dawa, rudi tena uombe uchunguzwe, hata kama mara ya kwanza ulirudishwa nyumbani.