Amri ya Jaji Mmoja kwa Taifa Zima

Marekani ina mahakama za wilaya za Shirikisho 94, na majaji wake wanao uwezo wa kutoa amri ya kuzuia. Swali linalowagombanisha wanasiasa wa huko ni hili: jaji wa mji mmoja akiona kwamba agizo la Serikali linavunja sheria, je, alizuie kwa yule aliyefika mbele yake tu, ama alizuie kwa kila mtu nchini?

Wakubwa wa vyama viwili vya nchi hiyo aghalabu hulijibu kwa kutazama kwanza ni nani anayekaa Ikulu. Mwaka 2015 jaji wa Texas alipouzuia mpango wa Rais Obama wa kuwalinda wazazi wahamiaji wasifukuzwe, Warepublican walishangilia. Mwaka 2017 jaji wa Seattle alizuia agizo la Rais Trump la kuwafungia mlango wasafiri wa nchi saba, ikawa zamu ya Wademokrat. Mwaka 2023 jaji mwingine wa Texas alipotaka kusimamisha kibali cha dawa ya kutoa mimba, Wademokrat hao hao wakaja juu wakidai sheria ya kuwazuia wadai kujichagulia jaji. Ni vigumu kuona msimamo hapo.

Hata hivyo ugomvi huu si mgeni. Katika miaka ya 1935 na 1936 matajiri waliochukia sheria za Rais Roosevelt walikimbilia mahakamani, na majaji wakatoa amri za kuzuia zipatazo 1,600. Mwaka 1937 Bunge lilijibu kwa njia ya busara. Halikuwanyang'anya majaji uwezo wao. Liliagiza kwamba sheria ya Bunge isizuiwe kwa hoja ya Katiba ila na majaji watatu walioketi pamoja, na rufaa iende moja kwa moja Mahakama ya Juu. Utaratibu huo ulikuwa wa kila mdai, mkubwa kwa mdogo. Uliondolewa kwa sehemu kubwa mwaka 1976, kwa kuwa uliwachosha majaji na kuirundikia Mahakama ya Juu rufaa.

Tarehe 9 Aprili, 2025, Baraza la Wawakilishi lilipitisha, kwa kura 219 dhidi ya 213, muswada wa kumkataza jaji wa wilaya kutoa amri inayowahusu watu wasiokuwamo katika kesi. Majaji watatu wamerudi katika muswada huo, lakini kwa masharti: ni pale tu ambapo majimbo mawili au zaidi, yaliyo chini ya mahakama za rufaa tofauti, yameshtaki. Serikali ya jimbo imewekewa mlango. Mwananchi wa kawaida hakuwekewa. Hapo ndipo muswada ulipoikosa hekima ya mwaka 1937.

Kabla Seneti haijaupitisha, tarehe 27 Juni mwaka huo, Mahakama ya Juu iliamua, majaji sita dhidi ya watatu, kwamba inaelekea amri za namna hiyo zinapita uwezo ambao mahakama zilipewa na sheria ya 1789. Kesi yenyewe ilihusu agizo la Rais Trump la kuwanyima uraia baadhi ya watoto wanaozaliwa Marekani, ingawa Katiba imezungumzia uraia wa kuzaliwa tangu 1868.

Mathalani, yuko mwanafunzi wa Kitanzania huko Ohio, yeye na mumewe wakiwa na viza za masomo. Agizo lile linamgusa mtoto wao. Kama kinga ni ya mdai peke yake, basi mama huyo hana budi kutafuta wakili na kuishtaki Serikali ya Marekani kabla hajajifungua, na mama wa kitanda cha pili wodini afanye vivyo hivyo, kwa swali lile lile la sheria.

Njia iliyobaki ni kesi ya kundi, ambamo wachache huwasimamia wote waliomo katika hali moja. Mawakili waliifungua huko New Hampshire siku ile ile ya hukumu, na tarehe 10 Julai jaji aliwahesabu watoto hao kuwa kundi moja, akalizuia agizo lisiwaguse.