Alama na Maana Yake: Kumwandaa Mwalimu wa Kiswahili kwa Kazi ya Tathmini



Ni vema tuanze kwa kutofautisha istilahi mbili. Kupima ni kukusanya ushahidi wa yale anayoyajua mwanafunzi. Kutathmini ni kuufasiri ushahidi huo na kuamua hatua inayofuata. Mafunzo ya ualimu yameelemea zaidi upande wa upimaji: mwalimu tarajali hufunzwa kutunga maswali, kuandaa jedwali la utahini na kujumlisha alama. Ufasiri wa alama hizo aghalabu huachiwa uzoefu.

Tuchukulie kuwa insha mbili za kidato cha pili zimepata alama 9 kati ya 20 kila moja. Mwandishi wa kwanza ana hoja nzuri, lakini anaandika "kitabu yangu imepotea" na "kiti yake imevunjika". Huyu hakosei ovyo. Anatumia upatanisho wa ngeli ya I-ZI mahali pa KI-VI. Mwandishi wa pili ana sarufi safi, ila hakujibu swali. Alama 9 imewafananisha wanafunzi wanaohitaji mafundisho tofauti kabisa. Aidha, iwapo mwalimu alikata alama kila upatanisho ule ulipojitokeza, ameliadhibu kosa moja mara nyingi.

Suala hili lina uzito. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliitaka Tanzania ipunguze kutegemea mtihani wa mwisho na kuzingatia kazi za mwanafunzi za kila siku. Nchini Kenya, mtihani wa KCPE ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, na Mtaala wa Umilisi umeupa upimaji wa shuleni nafasi kubwa. Hivyo basi, uamuzi wa mwalimu wa darasani unagusa hatima ya mtoto.

Napendekeza zoezi lisilo na gharama. Kabla ya mazoezi ya kufundisha, walimu tarajali watano wasahihishe insha moja, kila mmoja peke yake. Tofauti za alama zao zijadiliwe: nani alizingatia sarufi, nani hoja, nani mwandiko? Kisha kila mmoja aandike sentensi mbili: mwanafunzi huyu anaweza nini, na kesho afundishwe nini? Asiyeweza kuziandika bado hajamaliza kusahihisha.