Kuunganisha Ofisi za Biashara kwa Intaneti ya Kasi: Mada kwa Wafanyabiashara na Wanaushirika wa Ihanja



Biashara nyingi za ukanda huu zina ofisi zaidi ya moja, hata kama mwenye biashara haziiti ofisi. Ghala la kununulia alizeti liko hapa Ihanja, mashine ya kukamulia iko Singida mjini, duka la mafuta na mashudu liko Dodoma, na pengine kuna ndugu anayepokea mzigo Dar es Salaam. Taarifa husafiri kati ya sehemu hizo kwa simu ya mdomo, kwa picha ya daftari inayotumwa WhatsApp jioni, na kwa bahasha anayokabidhiwa kondakta wa basi. Kwa hiyo ofisi zenu zimekwisha kuunganishwa. Tatizo ni namna zilivyounganishwa. Picha ya daftari haijumlishiki. Lazima mtu akae ainakili upya, na hapo ndipo kilo 780 zinapogeuka 870. Tena daftari lote liko kwenye simu ya mfanyakazi, na akiacha kazi anaondoka nalo.

Ninalotaka kulisema leo ni hili: kwa biashara ya hapa, kasi ya intaneti si swali la kwanza. Swali la kwanza ni taarifa gani ivuke kutoka ofisi hadi ofisi, na kazi itaendeleaje siku intaneti isipokuwepo. Anayeanza na kasi hununua kifurushi kikubwa, kisha anashangaa mbona foleni ya mizani haijapungua.

Tulikotoka

Zamani kampuni iliyotaka kuunganisha matawi yake ilikodi laini maalumu ya simu kutoka tawi hadi makao makuu, au iliweka dishi la setilaiti juu ya paa. Mabenki yaliweza, mfanyabiashara wa kawaida hakuweza. Mambo yalianza kubadilika mwaka 2009. Julai mwaka huo mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam, na mwaka uliofuata ukaja wa EASSy. Mwaka huohuo wa 2009 serikali ilianza kujenga Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, unaosimamiwa na TTCL, na Singida ni miongoni mwa mikoa inayopitiwa nao. Leo mwenye ofisi Singida mjini anaweza kuomba faiba. Sehemu kubwa ya vijijini, sisi tukiwemo, bado inategemea minara ya kampuni za simu, ambayo mingine ilijengwa kwa ruzuku ya Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF.

Mpango ninaouzungumzia basi unachanganya njia mbili: faiba upande wa mjini na laini ya data ya simu upande wa Ihanja. Hazilingani, na yeyote atakayewauzia vifaa kana kwamba zinalingana, muulizeni maswali.

Namna inavyofanya kazi

Kila ofisi huwa na ruta. Ruta ya Ihanja na ya Singida hupewa funguo, kisha zinafungua kati yao njia ya faragha ndani ya intaneti ya kawaida. Hiyo ndiyo VPN. Taarifa inayotoka Ihanja hufungwa kwa msimbo kabla ya kutoka mlangoni, na hufunguliwa Singida tu. Katikati, kampuni ya simu huona kwamba kuna taarifa zinapita, lakini haisomi kilichomo. Kwa kompyuta zenyewe ni kana kwamba ziko jengo moja.

Programu za kufanya hivyo hazina uhaba. Wengi watakutana na WireGuard, iliyoingizwa rasmi katika Linux mwaka 2020, au IPsec, ambayo ni ya zamani zaidi na inakubalika karibu kila mahali. Ruta za MikroTik, ambazo mafundi wetu wengi wamezizoea, zina zote mbili. Fundi akiwapendekezea PPTP kwa sababu ni rahisi kuiweka, mkatalieni. Ulinzi wake ulivunjwa miaka mingi iliyopita.

Kuna mambo mawili ambayo huwakwamisha mafundi siku nzima, na mteja akiyajua mapema anaokoa fedha. Ruta nyingi hutoka kiwandani na anwani zinazofanana, mara nyingi zinazoanza na 192.168.1 au 192.168.0. Ofisi mbili zikiwa na anwani zilezile, hakuna namna ya kuziunganisha bila kuchanganyikiwa, kwa sababu kompyuta ya Ihanja ikiitafuta printa ya Singida itaitafuta chumbani mwake yenyewe. Kila ofisi ipewe namba zake tangu mwanzo: Singida 192.168.10, Ihanja 192.168.20, Dodoma 192.168.30. Andikeni kwenye karatasi mbandike ukutani.

La pili ni zito zaidi. Kwa kawaida laini ya simu haikupi anwani ya intaneti iliyo yako peke yako. Kampuni huwakusanya wateja wengi nyuma ya anwani moja, hivyo mtu wa nje hawezi kubisha hodi kwenye ruta yako ya Ihanja. Dawa yake ni kwamba Ihanja ndiyo ipige, na Singida ndiyo ipokee. Anayepokea lazima awe na anwani ya kudumu ya hadharani, na hiyo huombwa kwa mtoa huduma wa faiba wakati wa kuandika mkataba. Usisubiri fundi awe juu ya ngazi ndipo uiulize. Kama hata Singida haipatikani, kodi seva ndogo jijini Dar es Salaam na ofisi zote ziipigie hiyo.

Nini kivuke, nini kibaki

Hapa naomba tukae kidogo, maana ndipo fedha zinapopotelea.

Chukueni mfano wa ghala linalopima mizigo 300 kwa siku wakati wa msimu. Kila mpimo ni jina la mkulima, kilo, bei, tarehe na namba ya stakabadhi. Tuseme kila mmoja una kilobaiti 5 pamoja na vikorombwezo vyake. Jumla ni megabaiti 1.5 kwa siku nzima. Picha moja ya simu ambayo haijabanwa inaweza kuwa na megabaiti 3. Maana yake ni kwamba kazi yote ya ghala kwa siku ni nyepesi kuliko picha moja ya daftari. Kwa kazi hiyo hata mtandao wa mnara ulio mbali unatosha.

Sasa wekeni kamera ya ulinzi inayotuma megabiti 2 kwa sekunde kwenda Singida usiku na mchana, kwa kuwa bosi anataka kuangalia ghala akiwa kitandani. Hiyo ni takriban gigabaiti 22 kwa siku, kwa kamera moja. Hakuna bando la kuihimili, na mizani itasubiri kamera imalize. Kamera irekodi palepale ghalani, na bosi aifungue anapokuwa na sababu. Angalieni pia kwamba matangazo ya vifurushi husifu kasi ya kupakua, ilhali tawi kazi yake ni kupandisha. Faili la gigabaiti 2 likipandishwa kwa megabiti 1 kwa sekunde huchukua zaidi ya saa 4.

Kosa jingine halionekani kwa macho. Programu nyingi za hesabu zinazouzwa mijini zilitengenezwa zitumike ndani ya jengo moja, ambako jibu kutoka seva hurudi ndani ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Programu ya aina hiyo inaweza kwenda na kurudi mara 500 ili kufungua ukurasa mmoja. Ndani ya ofisi hiyo ni nusu sekunde. Kwa laini ya simu yenye kuchelewa milisekunde 60, ni sekunde 30. Kwa setilaiti ya zamani iliyo kilomita 36,000 juu, inayochelewa kama milisekunde 600, ni dakika 5. Kuongeza megabiti hakusaidii chochote, kwa sababu tatizo ni safari zenyewe, si upana wa njia. Mbaya zaidi, mtandao ukikatika katikati ya kuandika, faili la hesabu linaweza kuharibika. Kwa hiyo ama tumieni programu inayofunguliwa kwa kivinjari, ama mfanyakazi wa Ihanja aitumie kompyuta ya Singida kwa mbali, ambapo kinachosafiri ni picha ya skrini tu.

Seva ikae wapi?

Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika upande wa kusini mwa Afrika, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Kwa siku kadhaa huduma nyingi zilisuasua. Lakini kutoka Ihanja hadi Singida si lazima kuvuka bahari. Watoa huduma wetu hubadilishana taarifa humuhumu nchini, na kituo cha kubadilishana cha Dar es Salaam, TIX, kipo tangu mwaka 2004. Biashara ambayo seva yake iko Singida, au katika Kituo cha Taifa cha Kuhifadhi Data kilichopo Kijitonyama, ina nafasi nzuri ya kuendelea kupima alizeti siku kama ile. Ambaye daftari lake liko Ireland au Marekani hana la kufanya ila kungoja.

Sisemi kwamba huduma za nje ni mbaya. Zina umeme wa uhakika zaidi na nakala za akiba nyingi kuliko ofisi yoyote ya Singida. Seva ya chini ya meza ya mhasibu ina vumbi, ina mchwa, na ina mhudumu anayechomoa waya ili achaji simu. Kwa biashara ya matawi matatu au manne mimi ningechagua seva ya kukodi iliyo ndani ya nchi, na nakala ya kila usiku inayobaki ofisini.

Siku mtandao ukikosekana

Siku hizi "mtandao unasumbua" imekuwa jibu la kila kitu, hata pale inaposumbua mashine ya karani mwenyewe. Ghala la alizeti haliwezi kumjibu hivyo mkulima aliyekuja na mkokoteni kutoka mbali. Kompyuta ya Ihanja iwe na uwezo wa kupima, kuandika na kuchapa stakabadhi bila mtandao, kisha ipeleke yote yenyewe mtandao ukirudi. Ili namba zisigongane, kila tawi liwe na herufi zake mbele ya namba: IHJ kwa Ihanja, SGD kwa Singida. Ni jambo dogo, lakini kulirekebisha baada ya msimu kuisha ni balaa.

Wekeni pia laini ya pili ya kampuni nyingine, yenye mnara mwingine ikiwezekana. Laini mbili za mnara mmoja huzimika pamoja.

Umeme nao uangaliwe. Ruta na swichi ndogo kwa pamoja hula kama wati 20. Betri ya volti 12 yenye Ah 100, ukitumia nusu yake tu ili isife mapema, inaziendesha kwa saa 30 hivi. Ziunganisheni moja kwa moja na betri kwa kifaa cha kurekebisha volti, kwani kupitia inveta ni kupoteza umeme. Sola ya paneli moja inatosha kuichaji. Na radi za masika ya huku mnazijua: antena ya juu ya paa bila waya wa ardhini huleta hasara ya vifaa vyote vya ndani.

Usalama na sheria

Tawi lipewe linachohitaji tu. Karani wa mizani hana sababu ya kufikia mishahara iliyopo Singida, na Wi-Fi ya wageni isiguse njia ya ofisi kabisa. Kila mfanyakazi awe na nywila yake, ifutwe siku anayoondoka, si mwisho wa mwezi.

Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ilitoa tangazo likitaka watu na kampuni wanaotumia VPN katika shughuli zao watoe taarifa zake, pamoja na anwani za intaneti wanazotumia, kabla ya tarehe 30 ya mwezi huo. Wengi walidhani linawahusu vijana wanaofungua mitandao iliyofungwa. Ofisi inayounganisha matawi nayo imo. Kabla ya kuwasha, ulizeni TCRA utaratibu ulivyo sasa na mjisajili. Pia kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Majina, namba za simu na malipo ya wakulima ni taarifa binafsi, na anayezikusanya anatakiwa kusajiliwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Ushirika wenye daftari la mamia ya wakulima usijidanganye kwamba sheria hiyo ni ya mabenki.

Ombi kwa semina

Mtoa huduma haleti faiba wala kiungo cha redio hadi Ihanja kwa ajili ya ghala moja. Anakuja akiona wateja. Tuna wanunuzi wa mazao, mawakala wa benki, maduka ya pembejeo, shule, huduma za afya na ofisi za serikali, na kila mmoja anahangaika na bando lake. Ndugu Mwenyekiti, naomba semina hii iteue watu wachache waandike orodha ya wote wanaohitaji huduma ya kudumu, kila mmoja aeleze yuko wapi, anahitaji kasi gani ya kupandisha na yuko tayari kulipa kiasi gani kwa mwezi. Orodha hiyo ipelekwe kwa watoa huduma walio Singida mjini na nakala kwa UCSAF, na ipelekwe kabla msimu ujao wa alizeti haujafunguliwa.