Uso Wenye Mafuta na Dawa Zake



Leo nataka kunena juu ya jambo ambalo vijana huona haya kuliuliza mbele ya watu, nalo ni uso unaong'aa mafuta. Hapa kwetu Tunduma, mpakani, vikopo vya kupaka vimejaa madukani na mezani kando ya njia iendayo Zambia. Kuvipata si kazi. Kazi ni kuchagua.

Kwanza ijulikane kwamba mafuta hayo si uchafu, wala si ugonjwa. Ndani ya ngozi mna vifuko vidogo vitoavyo mafuta ili isikauke na kupasuka. Kijana anapobalehe vifuko hivyo huzidisha kazi yake, na mafuta yakichanganyika na ngozi iliyokufa huziba vinyweleo. Hapo ndipo chunusi huzaliwa. Basi mwenye kujisugua kwa gunzi au sabuni ya kufulia huchubua ngozi ya juu tu. Vifuko viko ndani, dodoki halivifikii.

Yatosha kuosha uso asubuhi na jioni, na tena baada ya jasho la shamba, kwa maji ya vuguvugu na sabuni isiyo kali. Limau lisipakwe kabisa, maana likikutana na jua huunguza ngozi na kuacha madoa.

Chunusi zikiwapo, ziko dawa mbili njema: asidi ya salisili, isiyozidi asilimia 2, ambayo huzibua vinyweleo, na benzoili peroksaidi, ambayo huua bakteria wa chunusi. Hii ya pili, hata ikiwa asilimia 2.5 tu, hufaa kama ile ya asilimia 10, wala haiunguzi sana. (Foronya yako itapauka, usishangae.) Anza na moja, kidogo, usiku, ukangoje majuma 6 hadi 8 kabla ya kuihukumu. Kungoja huko ndiko kugumu, na ndiko kunakompatia mwuza mkorogo wateja.

Maana mkorogo hufanya kazi upesi. Msichana mmoja wa chuo alinionyesha kikopo kisicho na jina la mtengenezaji. Kwa siku 10 chunusi zililala na uso ukatakata. Alifurahi mno, nami sikumlaumu. Mwezi wa tatu ngozi ya mashavu ilikuwa nyembamba kama ganda la kitunguu, na chunusi zimerudi kwa kishindo. Vikopo vya namna hiyo mara nyingi hufichwa ndani yake dawa za hospitali, kama betamethasoni na klobetasoli, au haidrokwinoni, au zebaki. Zebaki hupenya mwilini na kudhuru mafigo, na mtoto anayelala kifuani mwa mamaye huipata pia. Tanzania imeipiga marufuku katika vipodozi, na mwaka 2023 mataifa ya Mkataba wa Minamata yalikubaliana kwamba vipodozi vyote vyenye zebaki vikome mwaka 2025.

Kwa hiyo ununuapo, geuza kikopo usome: nani amekitengeneza, kina nini ndani, kitaharibika lini. Kisiposema, kirudishe mezani, hata kikiwa rahisi namna gani. Na yeyote aliyekwisha kupaka mkorogo kwa miezi mingi aende hospitali na kikopo chake mkononi kabla ya kuacha, kwa sababu ngozi iliyozoea dawa zile, ikinyimwa ghafula, huwaka na kuvimba.