Nyumba ya Polisi Ipatanayo na Nchi ya Ugogo

Leo twanena juu ya ujenzi, lakini si ujenzi wa nyumba ya kulala. Twataka kuwaza pamoja nanyi jengo lisaidialo kituo cha polisi katika nchi ya Dodoma: pale askari wabadilishanapo zamu na kupika chakula chao, pale vifaa vihifadhiwapo, na pale wenye mashauri wangojapo kusikilizwa. Tangu ilipoazimiwa mwaka 1973 kuufanya mji huo makao makuu ya nchi, majengo mengi yamesimama huko, na mengine, twasema bila kificho, yangalifaa zaidi Dar es Salaam.

Mjenzi na aitazame nchi kwanza. Dodoma i juu ya bahari kadiri ya mita 1,100. Mvua hunyesha tangu Desemba hata Aprili, kisha mbingu hufungwa. Upepo wa mashariki huvuma na vumbi, jua la mchana huchoma, na usiku wa Juni na Julai hutaka blanketi. Wagogo waliyajua hayo tangu zamani, wakajenga tembe: nyumba fupi, kuta za miti zilizokandikwa udongo, paa bapa la boriti na fito lililofunikwa udongo, na milango ielekeayo uani walalapo ng'ombe. Udongo mzito hupokea joto polepole na kulitoa polepole. Kwa hiyo mchana ndani mna ubaridi, na usiku mna uvuguvugu. Upepo nao hupita juu ya nyumba fupi, usipate pa kushika.

Je, tuwajengee askari tembe? Hapana. Mchwa hula boriti, paa lisipotengenezwa huvuja, na udongo juu ya vichwa vya watu ni hatari nchi itetemekapo, kama Dodoma ilivyotikisika mwaka 2002. Akili ya tembe twaichukua, miti yake twaiacha. Kuta na ziwe nene, za matofali au za mawe, maana mawe ya vilima vya Dodoma hayana haja ya kuletwa kwa reli. Urefu wa jengo ufuate mashariki na magharibi, ili jua la asubuhi na la jioni likute kuta fupi tu. Paa liwe la mabati, na chini yake dari, na kati yake hewa ipite. Mabati matupu hupika watu, tena mvua ikipiga, askari wa zamu huandika nusu ya maneno ya mlalamikaji. Penye udongo mweusi wa mbuga msingi usichimbwe kijuujuu, kwa kuwa udongo huo huvimba ukilowa, hupasuka ukikauka, na ukuta hupasuka nao.

Paa hilo ni kisima pia. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Dodoma hupata kama milimita 570 kwa mwaka. Basi paa la mita za mraba 200 hupokea lita 114,000. Hata robo ikipotea, zasalia lita 85,500, nazo si haba kwa jiko la askari mwezi wa Oktoba.

Lakini liko jambo zito kuliko joto. Maboma ya Wadachi, kama lile la Kilimatinde, yalikuwa ngome. Mwananchi alitakiwa ayaogope. Jengo la leo lamtaka aje. Mama aliyepigwa usiku, akatembea saa tatu kutoka kijijini, akikuta lango refu la chuma na benchi moja juani mbele ya macho ya watu wote, hurudi kwake na shauri lake moyoni. Kwa hiyo ua wa tembe twaugeuza, utazame nje: baraza pana yenye kivuli upande wa njia, mtungi wa maji, na mti uliokuwapo kabla ya jengo usikatwe, hasa ukiwa mbuyu. Dawati la jinsia na watoto lipewe chumba chake, chenye mlango wa kando usiopita mbele ya mahabusu. Ghala na silaha vikae ndani, nyuma ya ukuta usio na dirisha.

Tena, kabla ya fundi kuchimba msingi, wazee na akina mama wa mahali pale waitwe. Ramani ya karatasi huwafaa wachache. Bora jengo lichorwe chini kwa kamba na vigingi, kisha waulizwe wao wenyewe wangependa kuingilia wapi.