Tusiuziwe Mbuzi Kwenye Gunia: Mazungumzo Kuhusu Ununuzi wa Gari la Magurudumu Manne Lililotumika



Tuko hapa Kahama, mji unaounganisha njia za Shinyanga na za Geita. Tumekuja kuzungumza juu ya jambo ambalo kwa kaya nyingi za ukanda huu ni manunuzi makubwa kuliko yote baada ya nyumba: gari lililokwisha kutumika, lenye kuvuta kwa magurudumu yote manne.

Hatuliiti gari hilo anasa. Mvua zinapokolea, udongo mweusi wa mbuga hunata kwenye matairi kama ugali kwenye mwiko, na njia iliyokuwa vumbi mwezi Agosti huwa tope lisilo na mwisho. Gari la kijijini ndilo linalobeba mpunga na pamba, ndilo linalobeba jeneza, na ndilo linalompeleka hospitali mama mwenye uchungu wa uzazi usiku wa manane. Likizimika njiani, hasara si ya mwenye gari peke yake. Na fedha iliyolinunua haikuokotwa: ni ng'ombe waliouzwa mnadani, ni misimu kadhaa ya pamba, au ni duara lililotoa dhahabu baada ya miaka ya jasho. Fedha ya namna hiyo ikipotea, hairudi upesi.

Tuanze na haja, kisha mfuko

Kabla ya kumwendea dalali, tujiulize: gari hili litapita wapi, litabeba nini, na mara ngapi kwa mwaka litakutana na tope? Anayeishi kando ya lami, akaenda shambani mara mbili kwa mwezi, hahitaji gari la mtu anayepandisha mitambo Nyarugusu kila siku. Wengi hununua nguvu wasiyoitumia, kisha wakashindwa kuilisha.

Kulisha gari ni hesabu. Tuchukue magari mawili, moja likienda kilomita 7 kwa lita, jingine kilomita 11. Kwa mwendo wa kilomita 1,500 kwa mwezi, la kwanza litakunywa lita 214 na la pili lita 136. Tofauti ni lita 78 kila mwezi. Zidisheni kwa bei ya kituo chenu cha mafuta, kisha kwa miezi 12, mtaona ni ng'ombe wangapi wanaondoka zizini.

Vilevile, mwenye shilingi milioni 20 asinunue gari la milioni 20. Tunashauri sehemu moja ya tano ibaki mkononi. Katika mfano huu, gari liwe la milioni 16, na milioni 4 zingojee bima, gharama za kuhamisha umiliki, matairi, mafuta ya injini, na yale maradhi ambayo gari halikuyaonyesha siku ya mauzo. Gari nafuu lenye akiba nyuma yake litadumu kuliko gari la fahari ambalo mwenyewe hana fedha ya kulinunulia hata chujio.

Si kila gari refu huvuta kwa miguu minne

Hapa ndipo wengi hudanganyika kwa macho. Toyota RAV4 ya miaka ya 2000 hadi 2005, ambayo mtaani huitwa Kili Time, iliundwa kwa namna mbili: yapo yanayovuta kwa magurudumu yote, na yapo yanayovuta kwa ya mbele tu. Kwa nje ni mapacha. Njia ya kuyatofautisha ni kuinama: gari linalovuta kwa miguu minne lina propela shafti inayokwenda nyuma hadi kwenye difu. Isipokuwapo, maneno ya muuzaji hayaiweki.

Hata lile linalovuta kwa miguu minne halina gia nzito, yaani ile mwendo mdogo yenye alama ya 4L. Kwa changarawe na utelezi wa kawaida linatosha, nalo halili mafuta mengi. Kwa tope zito na mizigo, gia nzito ni ya lazima. Suzuki Escudo ya kizazi cha pili, iliyotoka kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, ina chasisi ya ngazi na gia hiyo nzito. Kwa mfuko mdogo ni gari la kufikiriwa.

Anayetaka nafasi zaidi huitazama Land Cruiser Prado ya miaka ya 1996 hadi 2002. Ni gari la heshima, lakini yale yenye injini ya dizeli ya 1KZ yana udhaifu unaojulikana kwa mafundi: injini ikichemka, silinda hedi hupasuka. Tusilikatae kwa sababu hiyo, bali tuikague rejeta kabla ya kuisifu rangi.

Land Cruiser ya mfululizo wa 70, yenye injini ya 1HZ ya lita 4.2, haina turbo wala umeme mwingi wa kuharibika, na mafundi wengi wa ukanda huu wanaifahamu. Ila bei yake hushuka polepole. Anayeipata kwa bei ya kushangaza na ashangae kweli, kisha aulize kwa nini.

Jambo moja linayahusu yote: ulizeni spea. Kabla ya kulipa, ingieni maduka mawili au matatu ya Kahama, Geita au Mwanza, mkaulize bei ya klachi, shokapu na rejeta ya gari hilo. Ikibidi kila kitu kiagizwe Dar es Salaam, hesabuni siku ambazo gari litalala juu ya mawe.

Magari yaliyostaafu migodini

Ukanda huu una migodi mikubwa, nayo huondoa magari yake kazini baada ya muda. Baadhi hufika mnadani, kisha yadini, yakiwa yameoshwa na kupakwa rangi. Si mabaya yote, maana mengi yalihudumiwa kwa ratiba. Lakini tuyajue maisha yaliyoishi.

Gari la mgodini huweza kusimama saa nyingi injini ikiunguruma. Saa hizo hazihesabiwi na kipimo cha kilomita. Gari linalosoma kilomita 90,000 laweza kuwa na injini iliyochoka kama ya kilomita 200,000. Lililofanya kazi chini ya ardhi huweza kuliwa na maji yenye chumvi na tindikali, kwa hiyo kutu ianze kutafutwa kwenye chasisi, mabomba ya breki na viungo vya waya. Na lililobeba viroba vya mawe kwa wachimbaji wadogo husimulia habari zake kwa springi zilizolala na chasisi iliyochomelewa.

Lipo pia jambo la kodi. Gari lililoingizwa nchini kwa msamaha wa kodi, liwe la mgodi au la mradi, likiuzwa kwa mtu asiye na msamaha huo, kodi iliyosamehewa hudaiwa. Kwa hiyo mnunuzi asiridhike na stakabadhi ya mnada pekee. Aombe uthibitisho wa Mamlaka ya Mapato Tanzania kwamba kodi imelipwa, kabla fedha haijaondoka mkononi.

Ukaguzi wa gari lenyewe

Nendeni asubuhi, mchana kweupe, pamoja na fundi mliyemchagua ninyi na mtakayemlipa ninyi. Fundi wa dalali ni dalali wa pili.

Mwambieni muuzaji asiliwashe gari kabla hamjafika. Gusa injini, ikiwa imekwisha pata moto, uliza sababu, kwani gari gumu kuwaka huwashwa mapema ili lisiaibike. Injini ikiwa bado baridi, fungueni mfuniko wa rejeta. Maji yawe safi, yasiwe na utando wa mafuta. Chomoeni kijiti cha oili: ikiwa imefanana na chai ya maziwa, maji yameingia kwenye injini. Kisha liwasheni. Moshi mweupe mzito usiokoma hata injini ikipata moto ni dalili ya maji kuungua, wa buluu ni oili, na mweusi ni mafuta yasiyoungua sawasawa.

Laleni chini mtazame. Rangi mpya chini ya gari kuukuu kwa kawaida huficha kutu au kulehemu. Tazameni uvujaji kwenye difu, gia boksi na transfa. Pembeni mwa tairi someni tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT: 3519 maana yake ni wiki ya 35 ya mwaka 2019. Tairi lenye meno mazuri laweza kuwa zee kuliko mkataba wa muuzaji na gari lake.

Halafu liendesheni, na si kuzunguka yadi tu. Jaribuni miguu minne kwenye udongo au changarawe, maana magari mengi ya aina hii hayapendi kufungwa miguu minne kwenye lami kavu. Ingizeni 4H, kisha simameni mwingize 4L. Sikilizeni milio ya kugonga mnapokata kona. Kama taa ya 4WD inawaka lakini magurudumu ya mbele hayavuti, mmeuziwa taa.

Karatasi na namba

Yapo mazoea ya kuupima umri wa gari kwa herufi za namba: hili ni namba C, hili namba D, kwa hiyo ni jipya. Herufi hizo huonyesha gari lilisajiliwa lini Tanzania, si lilitengenezwa lini. Gari la mwaka 2002 lililosajiliwa nchini mwaka 2016 ni la mwaka 2002. Someni mwaka wa kutengenezwa kwenye kadi, kisha linganisheni namba ya chasisi iliyo kwenye kadi na ile iliyogongwa kwenye chuma. Namba iliyokwaruzwa au kuchomelewa ni sababu ya kuondoka.

Jina lililo kwenye kadi liwe la anayewauzia, na kitambulisho chake kithibitishe. Asiye mmiliki hawezi kuwapa umiliki ambao hana. Kwa kutumia namba ya gari, angalieni madeni ya faini katika mfumo wa Polisi wa Usalama Barabarani, na ya maegesho katika mfumo wa TARURA. Mkataba wa mauziano uandikwe mbele ya wakili, ukitaja namba ya chasisi, bei halisi, na kila ahadi iliyotolewa kwa mdomo. Kisha umiliki uhamishwe TRA bila kuchelewa. Mnunuzi anayeendesha kwa kadi ya mtu mwingine amelipia gari ambalo kwenye kumbukumbu si lake.

Haki na wajibu

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha na kudanganya katika biashara, na Tume ya Ushindani ndiyo inayoisimamia. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa nayo inamtaka mfanyabiashara auze kitu chenye ubora unaofaa. Lakini sheria hiyo hiyo haimlindi mnunuzi dhidi ya kasoro ambayo ukaguzi alioufanya ulipaswa kuifichua. Ndiyo maana tumekaa sana chini ya gari leo. Anayeona amedanganywa alete mkataba, stakabadhi za benki au za simu, na taarifa ya fundi. Malalamiko yasiyo na karatasi ni machozi tu.

Ndugu zetu, muuzaji atawaambia kwamba yupo mteja mwingine njiani kutoka Geita, na kwamba kesho hamtalikuta. Mwacheni aje. Gari la kuuzwa halijawahi kuadimika, bali ng'ombe waliolelewa miaka kumi ndio wasiopatikana tena kwa mwezi mmoja. Ikiwa baada ya kuinama, kusikiliza na kusoma mtarudi nyumbani bila gari, msione haya. Mmerudi na fedha yenu, na siku mtakayonunua, yule mama wa usiku wa manane atafika hospitali.